Tuwaache minyoo wawalinde watoto na pumu?

Juzi barazani, hapa Chake, kijana mmoja kaja na jipya: dawa za minyoo wanazopewa watoto skuli ndizo zilizoleta pumu na ukurutu. "Zamani sote tulikuwa na michango, nani alikuwa na mzio?" Wazee wakaguna kukubali.

Mimi nakataa, ingawa hakuzua. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Gabon: watoto wenye kichocho, ugonjwa wa minyoo wa kibofu, ngozi zao hazikuvimba sana walipopimwa mzio wa utitiri, vijidudu vya vumbi la nyumbani. Mnyoo anayetaka kukaa mwilini miaka hana budi kuipumbaza kinga, la sivyo itamtoa. Mzio nao hupoa hapo hapo. Lakini hisani hiyo hakukufanyia wewe, anajificha tu. Safura ananyonya damu. Kichocho kinakula kibofu, na mwisho wake unaweza kuwa saratani. Mwenye mtoto anayekojoa damu basi amwambie: mwanangu, hiyo ndiyo bima yako ya pumu.

Mama wa Konde: Usimdharau kijana. Kule Entebbe, Uganda, wajawazito walipewa albendazole, dawa ya minyoo, na watoto wao wakapata ukurutu zaidi kuliko wa wale waliopewa kidonge kitupu. Hilo utalijibuje?

Mwanzisha mada: Nalikubali, dada. Ila huyo ni mtoto aliye tumboni, kinga yake ndiyo kwanza inajifunza. Wa darasa la tatu keshapita hapo. Na ukurutu nitaupaka dawa. Kibofu kilichokakamaa nitakipaka nini?

Mzee wa Mtambwe: Nyinyi mwabishana pumu. Mjukuu wangu husimamishwa kwenye kijiti chenye alama, urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi. Vikubwa, vichungu, uso anaukunja kama aliyelamba shubiri. Jioni namkuta mtoni anaoga na wenziwe, na konokono wamo mle mle. Sasa hiyo dawa ya nini?

Mwanzisha mada: Hapo umenishika, mzee. Prazikwanteli, hiyo dawa ya kichocho anayomeza, inaua minyoo waliokomaa. Wachanga haiwawezi sana, na wa kesho haiwazuii kabisa. Mkojo mmoja wenye mayai ya kichocho ukiingia mtoni, konokono anapata kazi ya kuwalea wachanga wake, na wiki chache baadaye maji yana vijidudu vya kupenya ngozi. Haya, tuseme ukweli: nani humu bomba lake limetoa maji tangu Jumatatu?