Draiva moja ya tachi kwa vioo vyote kwenye Haiku: tushike njia ipi?

kaunta_15
Wadau, salaam. Nina kompyuta ya kaunta iliyostaafu dukani, kioo chake cha tachi inchi 15, nimeipakia Haiku (mfumo endeshi huria). Kidole kimoja kinaenda vizuri. Kiganja kikigusa kidogo tu, mshale unaruka hadi upande wa pili na kitufe kinabaki kimebonyezwa. Ndani ya usb_hid, draiva ya Haiku ya vifaa vya HID (kanuni moja ya USB kwa kipanya, kibodi na tachi), ipo TabletProtocolHandler, sehemu ya vibao vya kuchorea, ila inajua kalamu moja tu.

Nataka kuandika draiva (programu inayounganisha kifaa na mfumo), na isiwe ya kioo changu peke yake. Njia ninazoziona ni tatu: draiva ya modeli hii kwa namba zake za USB; sehemu mpya ndani ya usb_hid itakayohudumia kioo chochote cha HID; au kiongezo cha input_server, programu ya Haiku inayopokea kipanya na kibodi, kerneli (kiini cha mfumo) niiache kama ilivyo. Aliyewahi kupita huku anishike mkono.

bitimoja
Shika ya pili, mkuu. Kioo cha HID hujieleza chenyewe kikichomekwa. Toa deskripta yake, yaani yale maelezo yenyewe kwa baiti za heksadesimali, uisome. Ukikuta 05 0D 09 04 A1 01, hapo ndipo kinapojitambulisha kuwa ni kioo cha tachi. Mbele kidogo utaona 09 42, inayosema kidole kimegusa au kimeinuka. 09 51 ni namba ya kidole. 09 30 na 09 31 ni X na Y. 26 FF 0F ina maana upeo ni 4095. Gawanya X kwa upeo huo upate kati ya 0 na 1, ndivyo Haiku inavyotaka kwenye be:tablet_x, sehemu ya ujumbe inayobeba X. Jina la mtengenezaji hulihitaji popote.

Linux walianza na njia yako ya kwanza, kila kampuni na draiva yake. hid-multitouch, draiva yao moja ya vioo vya HID, ilipoingia kerneli 2.6.38 mwaka 2011, zile ndogondogo zikaanza kumezwa humo moja baada ya nyingine. Kwa nini turudie safari waliyokwisha kuijutia?

nuru_tanga
Nakubaliana na bitimoja, ila deskripta usiiamini kama msahafu. Kioo nilichowahi kushughulika nacho kilisema kinapokea vidole 5, na pakiti yake (kifurushi cha data kinachotumwa ukigusa) ina nafasi za vidole 2 tu. Vidole 5 vinakuja kwa pakiti 3 mfululizo. Idadi ya vidole inaandikwa kwenye pakiti ya kwanza peke yake, zinazofuata zinabeba 0. Mimi nikaisoma ile 0 kuwa "hakuna kidole", nikawa navifuta vidole vitatu kila mara. Nikichora mstari kwa mkono mzima, unakatika vipande vipande. Wiki mbili nilikuwa natafuta kosa kwenye hesabu za X na Y, kumbe halikuwa huko kabisa.

Kwa hiyo ya pili, na jedwali dogo la vioo vikaidi pembeni. Hata hid-multitouch inalo.

jabali64
Leseni, jamani. Haiku ni MIT, leseni isiyobana, kerneli ya Linux ni GPL, inayodai kazi iliyonakili kwake iwe GPL pia. Soma yao uelewe, usinakili hata mstari. Ukitaka msimbo wa kuazima nenda FreeBSD, mfumo mwingine huria: zipo draiva za tachi, wmt, na hmt iliyoanza na toleo 13.0 mwaka 2021. Zote ni leseni ya BSD.

mzee_wa_siriali
Vijana wangu, ya tatu msiitupe. Mashine nyingi za kaunta za zamani zina vioo vya Elo vya waya wa siriali, havijui HID kabisa. Pakiti ni baiti 10, inaanza na herufi U, kisha T kwa mguso. Kerneli inakupa mlango tu, kiongezo kinasoma na kutafsiri. Kwa hivyo vioo hiyo ndiyo njia, pamoja na programu ya kupima pembe za kioo. Ila usiichanganye na kazi ya sasa, kaunta_15. Maliza HID kwanza.

kaunta_15
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Dada nuru, asante sana, umeniokoa.

Nimechapisha pakiti huku nagusa taratibu. Kidole peke yake: nafasi ya kwanza ina namba 0. Nikaweka kiganja, kikaja na namba 1 kwenye nafasi ya pili. Nikainua kidole, kiganja bado kipo: namba 1 ikahamia nafasi ya kwanza! Kumbe mshale ulikuwa unafuata nafasi, haufuati kidole. Sasa nashika namba ya mguso wa kwanza na kuifuata yenyewe tu, popote ilipo kwenye pakiti, hadi ile biti ya kugusa isome 0. Tangu jana jioni haujaruka hata mara moja.

Nimeamua ya pili. Kwa sasa draiva itatoa kidole kimoja, vidole vingi vitafuata. Kabla sijaipeleka Gerrit, wanakokagua msimbo wa Haiku, nahitaji deskripta za vioo vingine, hasa vile vya pakiti fupi alivyosema dada nuru. Mwenye nacho abandike hapa baiti zote, kuanzia ya kwanza hadi C0 ya mwisho.

nuru_tanga
Changu kiko kabatini. Nakichomeka leo usiku, nakuwekea hapa.