Mrejesho: buti la gari lililogoma kufunguka

Wakuu, nimerudi. Nililalamika kwamba nikibonyeza swichi ya buti, kimya, nikataka kununua mota ya loki. Namshukuru aliyeniambia nisubiri.

Fyuzi zilikuwa nzima. Kilichotufumbua macho ni kwamba taa ya namba na waipa ya nyuma navyo vilikuwa vinazima na kuwaka vyenyewe. Vitu vitatu haviharibiki kwa pamoja hivihivi. Fundi umeme wa pale Mwanga, Kigoma, akachomeka tester (kipima umeme) kwenye soketi ya loki, mimi nikabonyeza: akigusisha upande wa pili kwenye bodi inasoma volti 12.4, akigusisha kwenye waya wa eathi (wa kurudisha umeme) ya mlango, sifuri. Yaani umeme unafika, ila eathi ambayo vyote vitatu vinaitegemea imekatika. Akavua ule mpira uliokunjamana unaofunika nyaya karibu na bawaba. Waya ulionekana mzima, lakini alipouvuta ukarefuka kama mpira wa manati! Shaba ilikatika ndani ya gamba.

Akaweka kipande kirefu kidogo, maungio ya risasi ya kulehemu akayapeleka mbali na mkunjo, maana risasi huufanya waya mgumu ukakatika tena. Elfu kumi na tano.

Jana nimepakia dagaa Kibirizi bila kuingilia siti za nyuma. Harufu ndiyo kesi mpya.