Tupeane uzoefu: Shule yenu inanunuaje chakula kwa wakulima wa hapo hapo kijijini?

Mjumbe wa Kamati, Kongwa
Wakuu, habari za jioni. Tangu elimu bila ada ianze 2016, chakula cha mchana cha watoto wa kutwa kimebaki mikononi mwetu wazazi. Huku kwetu wengine wanatoa mahindi, wengine hela. Hizo hela zikishakusanywa, unga unanunuliwa dukani mjini, wakati soko la Kibaigwa tunalo wilayani na wazazi hao hao wanawauzia madalali kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Tunataka shule inunue kwa wakulima wetu moja kwa moja. Waliojaribu mlianzia wapi? Siasa tuziache pembeni tafadhali.

Mwalimu wa Mbozi
Mkuu, anzeni na kalenda, bei itafuata. Sisi michango ilikuwa inadaiwa Januari, mwezi wa sare, madaftari na mbolea, na gunia liko juu kweli kweli. Mkutano wa kijiji ukakubali kuhamishia baada ya mavuno, Julai shule zikifunguliwa. Mwenye shamba analeta mahindi na maharage. Asiye nalo analipa thamani yake, na kamati inanunua kwa mkulima wa kijijini.

Halafu nunueni mzani. Majungu yote yaliishia hapo. Zamani kulikuwa na debe la huyu na debe la yule, kila moja na ujazo wake, na kila mtu alijua lipi limebonyezwa kwa ndani.

Jambo la tatu msilifanyie mzaha: unyevu. Nyie wa Dodoma na wenzenu wa Manyara mnakumbuka vifo vya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, mwaka 2016. Mzee wetu wa stoo ana chupa ya kioo iliyokauka vizuri. Anatia punje na chumvi kavu, anatikisa, anaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, mwenyewe anayarudisha akayaanike tena, juu ya turubai. Punje zenye ukungu au zilizotobolewa hazipiti. Yaliyopita yanaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Kuna mzazi alinuna sana siku ya kwanza. Siku hizi hiyo chupa anaiazima.

Mkulima wa Nyandarua
Salamu kutoka Kenya. Mimi ni wa kabeji na viazi, nauzia shule ya bweni. Soko lipo, shida ni malipo. Unapewa LPO, yaani hati ya shule ya kuagiza mzigo, mzigo unapokelewa, kisha unaambiwa ngoja pesa za serikali ziingie. Muhula unaisha ukingoja. Broka ana pumzi ya kungoja, mimi sina, ndiyo maana tenda zinaishia kwake, naye anakuja kununua hizo hizo kabeji kwangu kwa bei ya shamba.

Tukaungana majirani, tukapeana zamu za kupeleka mzigo. Tuliandikiana na shule kwamba mzigo wa tatu hautoki shambani kabla wa kwanza haujalipwa. Mwalimu mkuu alisitasita, lakini akatia sahihi, maana kabeji zetu zinafika siku ile ile zimekatwa.

Mhasibu Mstaafu
Nakazia hapo kwenye kuungana. Shule za serikali huku Tanzania manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na utaombwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mwenye ekari mbili ataitoa wapi? Sheria ya manunuzi imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Sajilini kikundi. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mama Makande
Mimi ni mpishi wa shule, na sisi huwa hatuulizwi. Maharage ya mavuno mapya yanaiva upesi. Hayo ya dukani yaliyolala mwaka mzima unayabandika alfajiri, kengele ya mchana inagonga bado magumu, na kuni zimekwisha. Hata ukiyaloweka usiku kucha. Na mwenye mchicha aulete asubuhi ya siku ya kupika. Ukiletwa jana yake unakuwa chakula cha mbuzi.

Msomaji wa Usiku
Brazil walilitungia sheria. Mwaka 2009 waliweka kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule lazima ziende kwa wakulima wadogo, na tangu 2026 kiwango kimepanda hadi asilimia 45. Bei inatajwa mapema kwenye tangazo, mkulima hashindani na mfanyabiashara mkubwa kwa kushusha bei.

Mkulima wa Nyandarua
Brazil mbali ndugu yangu, lakini hiyo ya kutaja bei mapema hata kesho inawezekana.

Kijana wa Kitongoji
Nasi tulikuwa na shamba la shule. Mbuzi wa mwenyekiti wanalikumbuka vizuri.

Mjumbe wa Kamati, Kongwa
Asanteni sana wakuu. Mzani na suala la Julai nitavipeleka kwenye kikao. Swali moja limebaki: ufunguo wa stoo anakaa nao nani?

Mwalimu wa Mbozi
Wekeni kufuli mbili. Ufunguo mmoja wa mwalimu wa chakula, mwingine wa mzazi aliyechaguliwa na wazazi wenzake. Kila unga ukitoka, wote wawili wanasaini daftari na kilo zinaandikwa. Daftari likae jikoni kwa mpishi, ndiye anayejua kilichofika sufuriani.