Tupeane uzoefu: adapta za kuchajia gari la umeme ukiwa safarini

Mwenye Leaf, Tegeta
Naanza mimi, japo yangu ni ya aibu. Mwaka jana nilitoka Dar kwenda Morogoro na Nissan Leaf ya betri ya 30 kWh. Kilomita kama 190, kiyoyozi kinapuliza, nikajua bila kuchaji Chalinze sifiki. Waya uliokuja na gari kutoka Japani una plagi ya kwao, volti 200, ampea 15. Nikapita Kariakoo nikanunua adapta ya pini tatu, hizi za kuchomekea pasi. Gesti wakaniruhusu kwa elfu kumi na tano. Sijamaliza hata chipsi zangu, mhudumu huyo: "Kaka, kuna harufu huku." Plagi imekuwa rangi ya chai ya rangi, pini moja imebaki ukutani. Fundi akacheka: "Soketi ni ampea 13, wewe unavuta 15 mfululizo, ulitegemea nini?" Soketi nililipa mimi.

Siku hizi nina waya unaoshuka hadi ampea 10 au 8, pini tatu zake mwenyewe, hakuna adapta katikati. Polepole, lakini ukilala usiku mmoja unapata zaidi ya nusu ya betri. Haya, nanyi semeni.

Mama Wawili, Nairobi
Pole sana. Yangu ni gari ya Kichina, tundu lake la kuchajia ni GB/T, mtindo wa China. Nilienda Naivasha na watoto, nikaambiwa hoteli ina chaja. Kufika, ni Type 2, ule mtindo wa Ulaya. Ukiangalia haraka utaapa ni kitu kimoja, zote zina matundu saba. Nikasukuma, askari wa geti akaja kusaidia, naye akasukuma. Kumbe kichwa cha waya wa Type 2 kina matundu na cha GB/T kina pini za kuingia kwenye matundu ya gari, kwa hivyo nilikuwa nagonganisha tundu na tundu! Tulichaji kwa soketi ya jikoni, na kila mpishi akiwasha birika roho yangu inaruka. Sasa adapta inakaa kwa buti pamoja na jeki.

Na muulize muuzaji: hiyo ni ya chaja ya kawaida ama ya haraka? Ya haraka ni nyingine kabisa, na bei yake itakufanya ukae chini.

Msafiri, Columbus Ohio
Huku mimi nina Tesla. Tulienda harusi Louisville, hotelini chaja ni J1772, plagi ya huku isiyoingia kwenye Tesla bila adapta, nikatumia ile adapta ndogo iliyokuja na gari. Asubuhi nachomoa waya, adapta imebaki kwenye kichwa cha chaja, nami huyo barabarani. Nimekumbuka karibu na Cincinnati. Nilipopiga simu, ilishaondoka na mtu. Nimefunga utepe mwekundu kwenye ya pili. Mke wangu anaucheka utepe huo mpaka leo.

Bin Said, Muscat
Assalaam aleykum. Gari langu ni la Marekani, tundu lake la chaja ya haraka ni CCS1, na huku chaja za haraka ni CCS2, mtindo wa Ulaya. Nina adapta. Neno moja tu: zima chaja kwanza, ngoja mpaka kufuli lifunguke, ndipo uchomoe. Nimemwona jamaa akiivuta kwa nguvu huku umeme bado unapita. Mkondo ule si wa kuchezea.

Mgeni Hapa, Tanga
Shikamooni. Nilikuwa Lushoto, umeme ukakatika, lodge wakawasha jenereta. Waya ukawasha taa nyekundu na kugoma kabisa, lakini TV na friji zinafanya kazi. Waya umekufa?

Mwenye Leaf, Tegeta
Marahaba. Haujafa. Waya hizi hupima ethi (waya wa ardhini) kabla ya kupitisha umeme, na jenereta nyingi ndogo nyutro yake (waya wa kurudisha umeme) haijaungwa na ethi, kwa hiyo unagoma. TV haijali hayo. Ujaribu kwenye soketi ya nyumbani kwako. Ikigoma na hapo, mwite fundi apime ethi ya nyumba kwanza, usikimbilie kununua waya mwingine.