Mazoea, tabia au hulka? Kaka angu katuletea ubishi nyumbani

Dogo wa Mbagala: Wakuu habari za mchana, naomba mnisaidie. Kaka angu kapiga ukonda wa daladala miaka mingi ruti ya Mbagala Kariakoo, saivi ana duka lake la vipuri ila haijamtoka kabisa, mpandishe gari ya mtu yeyote mkikaribia kituo anagonga bodi "shushaaa", na dukani noti anazikunja kwa urefu anazibana katikati ya vidole. Mkewe anasema hiyo tabia, bi mkubwa anasema hulka, mi nikasema silika nikaambiwa najifanya msomi. Lipi sasa?

Mzaramo Og: Mazoea tu hayo mkuu. Hulka ni vile mtu alivyo, mkali, mpole, wa kucheka mpaka msibani. Kugonga bodi kajifunzia kazini.

Ticha Mstaafu: Silika itoe kabisa mwanangu, silika ni kile kichanga kutafuta ziwa bila kufundishwa. Tabia ni neno pana, linabeba yote, kwa hiyo shemeji yako yuko sawa, ila ukitaka kuonyesha imekita unaongeza "sugu". Na sugu kaiangalie kwenye kiganja cha msukuma mkokoteni pale Kariakoo, chini tu ya vidole, ngozi ngumu ya njano hata ukiichoma sindano hashtuki, ndo hiyo hiyo tumeihamishia kwenye tabia, kwenye madeni, mpaka vijidudu vinavyogoma kufa kwa dawa.

Mama Kibandani: Desturi na mila msimpe, hizo ni za watu wengi sio za mtu mmoja. Na "ada" ndo imekufa hivyo, ukiitaja tu mtu anawaza shule, imebaki kwenye "kama ilivyo ada" ya watangazaji 😂

Chizi Fresh: Kwetu Temeke tunasema "ndo zake huyo", mjadala umefungwa.

Dogo wa Mbagala: Hahaha asanteni. Na kasumba je, haimfai?

Ticha Mstaafu: Hapana. Kasumba kwa asili ni afyuni, ile ya kulevya, ndo tukapata "kasumba ya kikoloni", yaani fikra umepandikizwa mpaka unaona cha mzungu ndo bora na cha kwenu takataka. Kaka ako hajalishwa na mtu. Mwambie tu milango ya watu inabonyea.