Klabu ya picha shuleni: kamera za kopo zinatoa karatasi nyeusi tupu, tunakosea wapi?

Mwl_Kivuli: Habari wakuu. Klabu ina wanafunzi 24, kamera za kidijitali 2 na dakika 80 kwa wiki. Tumetengeneza kamera 6 za makopo ya maziwa ya unga: ndani rangi nyeusi isiyong'aa, tundu la sindano upande mmoja, karatasi ya picha upande wa pili. Juani tunafungua tundu dakika 3. Karatasi zote zimetoka nyeusi tii, hata pembe zilizoshikwa na tepu nyeusi. Halafu, wanne wakiwa chumba cha giza, hawa 20 wafanye nini?

Fundi_Tundu: Mwalimu, hiyo ni negativu, yaani picha iliyogeuka, penye mwanga panatoka peusi, kwa hiyo weusi maana yake mwanga umezidi. Dakika 3 ni nyingi mno. Kopo la upana wa sentimita 10 lenye tundu la milimita 0.45 ni kama f/220 (umbali wa tundu hadi karatasi ni mara 220 ya upana wa tundu), na karatasi ina ISO 6 hivi, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga ni mdogo. Jua kali linataka sekunde 30, mawingu dakika 2 hadi 4. Ila muda hauelezi hizo pembe. Chini ya tepu nyeusi pangebaki peupe, kwa hiyo kuna mwanga unaoingia kwa njia nyingine.

Na tundu la sindano msilitoboe kwenye kopo lenyewe. Kateni kipande cha kopo la soda, kiwekeni juu ya kadibodi, kitoboeni kwa ncha ya sindano namba 10, sugueni upande wa nyuma kwa msasa laini, kisha rudisheni sindano polepole. Tundu lenye kingo za chuma zilizochongoka hutoa picha yenye ukungu.

GizaTotoro: Anza na taa nyekundu ya chumba cha giza, maana taa mbovu itakudanganya ukipima kopo. Gizani kabisa weka karatasi mezani, upande unaong'aa juu, na sarafu juu yake. Washa taa nyekundu dakika 5, zima, toa sarafu, safisha hukohuko gizani kwa kuhesabu sekunde 90. Duara jeupe likionekana, taa ndiyo tatizo.

Taa ikipita, pakia kopo, ziba tundu, liache juani dakika 5. Karatasi ikitoka nyeupe, kopo ni zima. Ikiwa na michirizi, mfuniko unavujisha: zungushia tepu nyeusi mara mbili. Simu na saa zenye mwanga zibaki nje, hili wanafunzi hulisahau kila mara.

Nusu_Shata: Hao 20 wagawe mafungu mawili, kamera moja kila fungu. Pindua baiskeli, funga utepe kwenye spoki, mmoja azungushe gurudumu. Wapige kwa kasi ya sekunde 1/15, 1/60 na 1/500, na kila mmoja aandike kabla ya kupiga anachotarajia utepe uonekane vipi. Hapo kwenye kuandika ndipo somo lilipo. Fanyeni kivulini: juani, kwa 1/15, picha itaungua kwa mwanga kuzidi hata kwa ISO 100.

Mwl_Kivuli: Duara la sarafu limetokea waziwazi. Taa yetu ni balbu ya kawaida tuliyoipaka rangi nyekundu.

GizaTotoro: Mchawi ndiye huyo. Rangi ya kupaka hupitisha mwanga mweupe kwenye mikwaruzo, na mara nyingi hupitisha bluu na kijani ambavyo karatasi inaviona. Tafuta taa nyekundu ya chumba cha giza, iweke mita 1.2 au zaidi kutoka kwenye trei, ielekee ukutani. Rudia jaribio la sarafu kabla ya kupakia kopo lolote.

Fundi_Tundu: Nyongeza: kila trei iwe na koleo lake. Matone ya fiksa (dawa ya mwisho, inayofanya picha isiendelee kubadilika kwa mwanga) yakiingia kwenye dawa ya kusafishia, dawa inaharibika. Negativu ikikauka, ipigeni picha kwa simu, geuzeni rangi, kisha igeuzeni kushoto kwenda kulia, la sivyo maandishi ya ubaoni yatasomeka kinyume.