Nasoma ufinyanzi na uchoraji kwa mpigo kituo cha sanaa, vyote vinanishinda, niache kipi?

MkonoMzito

Habari zenu wadau. Mwenzenu niko wiki ya tano sasa kwenye kituo cha sanaa cha jamii, nilijiandikisha madarasa mawili kwa mpigo, ufinyanzi Jumanne jioni na kuchora Jumamosi asubuhi. Brashi sijaishika tangu shule ya msingi na udongo ndo kabisaa, nilichokuwa nataka ni kitu cha kufanya na mikono maana kazi yangu ni kushinda mbele ya kompyuta siku nzima.

Sasa nianze na gurudumu la kufinyangia. Naweka donge katikati, nalowesha mikono, nakanyaga pedeli, likishaanza kuzunguka linanirusha mikono huku na huku kama napanda punda mkorofi. Siku nikibahatika kulitoboa shimo, nikivuta ukuta unapanda upande mmoja tu ule mwingine unalala, afu chombo chote kinanyong'onyea kinakaa chini. Wiki tano nimetoa vitu viwili, bakuli moja na kikombe kimoja. Kikombe kilivyotoka tanuri kimekuwa kidogo, kidole kilichokuwa kinapita kwenye mkono wake sasa hivi hakipiti, nikajua labda nimepewa cha mtu. Bakuli ndo usiseme, lilipasukia humo humo ndani, nikaletewa vipande kwenye ndoo, na kibaya zaidi vipande vyangu vimebanduka vikaenda kuchubua chombo cha mama mmoja wa darasani kilichokuwa jirani. Nilitamani ardhi ipasuke. Jamaa mmoja akasema ni mapovu ya hewa, kwamba sikukanda vizuri.

Jumamosi nako tunatumia rangi za akriliki, na kila nikichanganya rangi napata tope. Yaani Jumanne tope, Jumamosi tope.

Sasa naomba ushauri, niache kimoja nikazanie kingine? Na kama ni kuacha, niache kipi? Msinionee huruma.

gae_la_zamani

Karibu chamani ndugu. Wiki tano kwenye gurudumu ni sawa na mtoto aliyeanza kutambaa, mimi nilikaa miezi mitatu kabla sijaona donge limetulia, na miezi yote hiyo nilikuwa nalilaumu gurudumu.

Tuanze na hilo la kurushwa mikono. Viwiko vyako viko wapi? Nina uhakika vinaning'inia hewani. Kiwiko cha kushoto kibane kwenye paja au kwenye nyonga, mkono wa kulia ushike juu, na mikono yote miwili igusane muda wote, ikiachana tu umekwisha. Hushindani na udongo kwa nguvu za vidole, unauwekea mwili wako kama ukuta na wenyewe ndo unakuja kujinyoosha kwenye huo ukuta. Gurudumu likimbie kasi wakati unatafuta kati, afu ukianza kuvuta ukuta juu punguza mwendo, na ukishapanda karibu na mdomo punguza tena. Wengi wanafanya kinyume. Na ukitaka kuachia, achia taratibu kama unamshusha mtoto aliyelala, ukinyofoa mikono ghafla donge linatoka kati hapo hapo. Maji pia punguza, wanafunzi wapya wanaogesha udongo mpaka unalegea, sasa ukuta uliolegea utasimamaje? Chukua donge dogo la nusu kilo hivi, yale makubwa waachie wenye misuli.

La kupasuka, mwambie huyo jamaa hewa anaisingizia. Povu likikaa ndani ya udongo uliokauka kweli kweli linatulia tu, kinachopasua ni maji. Chombo kikiwa kinene, nje kinaonekana kikavu na katikati bado kibichi, tanuri ikivuka nyuzi 100 yale maji yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile maji yaliyokuwa nayo. Haina pa kutokea, ndo inapasua. Kabla hujapeleka kitu kuchomwa kiweke shavuni, kikiwa cha baridi bado kina maji, kirudishe shelfu. Kukanda kunasaidia mengine, udongo unakuwa sawa sawa na gurudumuni haukushtui na kibonge kigumu, ila bakuli lako nahisi lilikuwa na kitako kinene.

Kikombe kudogoka ni kawaida. Udongo mwingi unasinyaa kama asilimia 10 hivi kuanzia mbichi mpaka ukitoka moto wa mwisho, mwingine zaidi. Kwa hiyo mkono wa kikombe utengeneze mpana mpaka uone aibu.

Kuacha nini sisemi, mimi nina upande.

Rangi_Saba

Kwanza pole kwa bakuli, pili usiache kuchora hata kidogo.

Tope la Jumamosi chanzo chake ni idadi. Unachanganya rangi ngapi kwa mara moja? Rangi mbili zitakupa rangi, ukiongeza ya tatu unachungulia shimo, ya nne umeshaingia. Kila bluu ina upande wake, kuna bluu inayoelekea kijani na kuna inayoelekea zambarau, nyekundu nazo hivyo hivyo, kuna ya kuelekea machungwa na ya kuelekea zambarau. Ukichukua bluu ya kijani ukaipiga na nyekundu ya machungwa unategemea upate zambarau, kumbe ndani mmeshajaa rangi zote tatu za msingi, bluu, nyekundu na njano, bila wewe kujua na zinauana, unapata kahawia ya huzuni. Chukua kipande cha karatasi, piga kila bluu uliyonayo na kila nyekundu uliyonayo, andika chini yake ni ipi na ipi, kibandike ukutani. Jioni moja tu hiyo kazi na inakusaidia miaka.

Afu lile kopo la maji. Likishakuwa la kijivu huoshi tena brashi, unaipaka kijivu. Weka makopo mawili, moja la kuondoa uchafu moja la kusuuza. Na akriliki uiache ikauke kabla ya kupaka juu yake, inakauka dakika chache tu, ukiisugua ikiwa nusu nusu inachanganyikana na kuchubuka. Ikikauka inakuwa nzito kidogo kuliko ulivyoiona mbichi, rangi za maji kinyume chake zinapauka, kwa hiyo usianze kurekebisha rangi ambayo haijakauka, utaikimbiza siku nzima. Brashi yenyewe usiiache na akriliki ikakauka, hiyo ni plastiki, ikishaganda umeaga brashi.

Kitu kilichonitoa mimi kwenye tope, mwalimu alininyang'anya rangi zote akaniachia nyeusi na nyeupe tu kwa wiki kadhaa. Nilimchukia. Ila nilijifunza kufinya macho nikatazama wapi pana mwanga na wapi pana kivuli, na picha yangu ya kwanza kueleweka na watu bila kuwaelezea ilikuwa ya kijivu mwanzo mwisho.

vidole_kumi

Mi nikiri kabisa gurudumu lilinishinda nikaliacha na naishi vizuri. Nafinyanga kwa mkono. Kuna kubinya donge mpaka linakuwa kikombe, kuna kuviringisha udongo kama kamba ukawa unaupanga duara juu ya duara, kuna kukata vipande bapa ukaviunga. Mtu akikuambia bila gurudumu we si mfinyanzi mwambie vile vipande vya vyungu vya pango la Xianrendong kule China vina karibu miaka 20,000, gurudumu limekuja juzi tu, maelfu na maelfu ya miaka baadaye.

Na mazoezi ya nyumbani ndo hayo, hauhitaji mashine. Donge, ubao, kitambaa chenye maji na mfuko wa nailoni wa kufunikia usiku. Angalizo moja tu, unapounga vipande, chanja chanja sehemu zote mbili kwanza upake uji wa udongo ndo ubandike. Ukibandika tu juu juu mkono wa kikombe utakuaga kwenye kukauka. Na vinavyounganishwa viwe na unyevu mmoja, ukiunga kibichi na kikavu vinasinyaa tofauti vinaachana, kama ndoa nyingine tu.

MkonoMzito

Aisee asanteni, nimesoma mara tatu. Viwiko kweli vinaning'inia 😅

@vidole_kumi nikifinyanga nyumbani naweza kupeleka kuchomwa kituoni? Maana kuna udongo fulani mwekundu nimeupata nje nje tu, unafinyangika vizuri sana.

mlinda_tanuri

SUBIRI KWANZA. Mimi najitolea kupanga tanuri kituo kimoja hivi, nakuomba usipeleke huo udongo bila kumwambia anayechoma.

Iko hivi, vyombo vinachomwa mara mbili. Moto wa kwanza kama nyuzi 1,000, udongo unakuwa gae, unanyonya maji lakini hauyeyuki tena kuwa tope. Halafu unapaka glezi, ule unga wa maji unaokuja kugeuka kioo, unachomwa tena. Vituo vingi moto wa pili unakwenda mpaka nyuzi 1,200 na kitu. Udongo mwekundu wa kuokota mara nyingi hauvumilii huko, unavimba, unabonyea, ukizidi unayeyuka kama nta unamwagikia shelfu na vyombo vya watu. Hapo aibu ya bakuli lako utaiona ndogo. Mwambie akuchomee kwanza kipande kidogo juu ya kisahani kibovu, mtajua mapema.

Glezi nayo, kitako cha chombo kifute kwa sponji, na pembeni acha wazi kama nusu sentimita kutoka chini. Glezi ikishayeyuka inateremka, ikifika kwenye shelfu inagandisha chombo chako hapo na kukitoa ni nyundo. Ndo maana tunapiga kelele kila siku na bado kila tanuri nakuta kimoja.

Na mengine madogo madogo ambayo hamuambiwi siku ya kwanza: chora alama yako kwenye kitako kabla hakijakauka, maana kwenye shelfu vikombe vyote vya wanafunzi vinafanana. Mikono yenye udongo oshea kwenye ndoo, sinki inaziba. Na ukimaliza usifagie vumbi kavu la udongo, futa kwa kitambaa chenye maji, lile vumbi lina silika, yale madini ya kwenye mchanga, na mapafu hayalipendi.

Kuhusu kuacha, muulize mwalimu kama kuna masaa ya wazi ya kuja kufanya mazoezi bila darasa. Siku moja kwa wiki kwenye gurudumu ni kidogo, kila Jumanne unaanza upya.

gae_la_zamani

Niongeze kitu nilichosahau. Usitunze vyombo vyako vya sasa. Ukishavuta ukuta, chukua waya ukate chombo kati kwa kati usimame ukitazame kwa ubavu. Inauma lakini utaona mwenyewe wapi umeacha mzigo. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, sawa, ila kitako unakichonga kesho yake udongo ukiwa mgumu mgumu kama ngozi ya mkanda, hapo ukiuwahi na maji yake unauharibu.

Rangi_Saba

Kukata chombo chako mwenyewe. Ndo maana mimi nachora.

MkonoMzito

Nimerudi wadau. Masaa ya wazi yapo, Alhamisi, sikuwa nayajua hata, karatasi ilikuwa mlangoni muda wote. Nimebana kiwiko pajani na donge likatulia, si lote ila lilitulia, nikaita watu waje waone. Nikatoa bakuli nikalikata na waya kama gae alivyosema. Ukuta mwembamba mzuri tu nikajivuna, kushuka chini nakuta kitako unene wa vidole viwili. Kumbe lile lilikuwa bomu nililotega mwenyewe.

Yule mama wa chombo kilichochubuka nimemwomba radhi, kasema alikuwa hakipendi.

Jumamosi nimepaka bluu na nyekundu zote kwenye karatasi, kati ya zambarau sita mbili tu ndo zambarau. Siachi kitu kwa sasa.

Swali la mwisho, huu udongo wa kwenye kucha unatokaga lini?

vidole_kumi

Hautoki.